Kukuza jumuiya ya wachora ramani huria: mwongozo kamili kwa anayeanza na watu wachache

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari anaifahamu walau juu juu OpenStreetMap, yaani ramani huria ya dunia inayochorwa na wajitoleaji, ameona kwamba eneo analolijua halijachorwa au limechorwa nusu nusu, na anataka kukusanya watu wa kuifanya kazi hiyo pamoja naye kwa kujitolea. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu mfuatano wenyewe una maana. Jumuiya nyingi nilizoziona zikififia zilianzia katikati, yaani kwenye tukio kubwa lenye wageni wengi, kabla waandaaji hawajajua mgeni huyo atafanya nini wiki inayofuata. Kipimo ninachokitumia tangu mwanzo hadi mwisho ni kimoja: ni watu wangapi wanaorudi kuchora mara ya pili, ya tatu na ya kumi bila kuitwa. Idadi ya waliohudhuria na idadi ya majengo yaliyochorwa hupendeza kwenye ripoti, lakini ramani huchakaa. Barabara hujengwa, shule huhamishwa, madaraja husombwa na maji, na asipokuwepo mtu wa kurudi kurekebisha, kazi ya siku moja hupoteza thamani mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 1: Chora mwenyewe mpaka mikono izoee

Usimwite mtu yeyote kabla hujachora kwa wiki kadhaa wewe mwenyewe. Fungua akaunti, tumia kihariri cha iD kinachofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari, kisha ukishazoea ujaribu JOSM, ambayo ni programu ya kompyuta yenye uwezo mkubwa zaidi na inayotumiwa na wachoraji wengi wa muda mrefu. Jifunze muundo wa data, kwa kuwa ndio utakaoufundisha: kila kitu kwenye ramani ni nukta, mstari unaounganisha nukta, au uhusiano unaokusanya vitu kadhaa kuwa kimoja, kama vile njia ya basi inayopita kwenye vipande vingi vya barabara. Maana ya kitu hutokana na lebo zake. Mstari uliofungwa wenye lebo building=yes ni jengo; ukiongezewa amenity=school na jina lake, msomaji wa ramani anaiona shule.

Lebo huandikwa kwa Kiingereza dunia nzima ili programu zote zisome data ileile, lakini majina ya mahali hayatafsiriwi. Lebo ya name hubeba jina kama wenyeji wanavyolitumia na kama lilivyoandikwa kwenye kibao, na lebo ya name:sw hubeba jina la Kiswahili pale ambapo ni tofauti. Jambo hili lifahamike vizuri tangu mapema, kwa sababu wajitoleaji wengi hudhani kwamba ramani inadai Kiingereza kila mahali, nao huanza kugeuza majina ya wenyeji kuwa maneno ambayo hakuna mkazi anayeyatumia.

Lengo la hatua hii ni kukusanya makosa yako mwenyewe. Utachora barabara mbili zinazoonekana kukutana lakini hazijashiriki nukta, na programu ya kuelekeza njia itakataa kupita hapo. Utachora jengo kwa kufuata paa lake kwenye picha ya setilaiti iliyopigwa kwa mshazari, kumbe msingi uko mita kadhaa pembeni. Utagundua pia kwamba picha yenyewe imesogea, na kwamba inapaswa kulinganishwa na njia zilizorekodiwa kwa GPS kabla hujaanza kuchora. Mwalimu aliyeyapitia makosa haya huyatambua kwenye kioo cha kompyuta ya mwenzake kwa kutupia jicho tu.

Hatua ya 2: Tafuta waliokutangulia

Karibu kila eneo lina mtu aliyewahi kuchora kitu. Bofya jengo au barabara yoyote, utazame historia yake, nawe utaona jina la akaunti na tarehe. Waandikie watu hao wawili watatu ujumbe mfupi kwa njia ya tovuti yenyewe, ujitambulishe na uwaulize walichokuwa wanakifanya. Wengine hawatajibu. Atakayejibu ana thamani kuliko tangazo lolote, kwa kuwa ameshathibitisha kwamba huchora bila kusukumwa. Tazama pia kama kuna jumuiya ya nchi au tawi linalotambuliwa na Wakfu wa OpenStreetMap, ambao uliundwa mwaka 2006 kuutegemeza mradi bila kuamua nini kichorwe wapi, na kama kuna kikundi cha wanafunzi chini ya YouthMappers, mtandao wa vyuo ulioanzishwa mwaka 2015. Kuanzisha kundi la pili kando ya lililopo, kwa kutolijua tu, huzaa uhasama ambao huchukua muda mrefu kutulia.

Hatua ya 3: Chagua eneo dogo na swali moja

Hapa ndipo ninapoomba usome taratibu. Mwaliko unaosema «tuchore nchi yetu» huvutia makofi na haumpi mtu kazi ya kesho asubuhi. Mwaliko unaosema «tuchore visima vyote vya kata hii, tujue kipi kinatoa maji na kipi kimeharibika» humwambia mjitoleaji aende wapi, atazame nini, na lini atajua kwamba amemaliza. Swali lenyewe litoke kwa watu wanaoishi kwenye eneo hilo, au kwa watu watakaoitumia ramani kufanya uamuzi.

Historia ya ramani hii inalionyesha jambo hilo vizuri. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, wachoraji kutoka nchi nyingi walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kwa kutumia picha za setilaiti, kwa sababu waokoaji walihitaji kujua wapite wapi. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team mwaka huohuo. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, vijana wa Kibera jijini Nairobi walikuwa wameshika vifaa vya GPS na kuchora makazi yao wenyewe, ambayo kwenye ramani nyingi yalikuwa kama uwanja mtupu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam uliwaunganisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa na mifereji kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Katika mifano yote mitatu watu walikuwa na jibu la swali «kwa nini leo?». Chagua swali la namna hiyo, kisha ulipunguze eneo mpaka likuonekee dogo kupita kiasi. Eneo linalokamilika kwa mwezi mmoja hujenga kundi, kwa kuwa watu huona mwisho wa walichokianza, na mtu aliyewahi kumaliza kitu hutaka kuanza kingine.

Hatua ya 4: Weka wazi sheria ya chanzo

Kabla ya kumfundisha mtu kubofya, mfundishe data inatoka wapi. Data ya OpenStreetMap hutolewa kwa leseni ya ODbL tangu Septemba 2012. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, mradi ataje kwamba imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, na mradi akiiboresha na kuisambaza hadharani aitoe kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana hairuhusiwi kunakili chochote kutoka Google Maps au ramani nyingine yenye hakimiliki, hata kama ni jina moja la mtaa. Leseni ilipobadilishwa mwaka 2012, kazi ya watu ambao hawakuyakubali masharti mapya iliondolewa kwenye ramani. Waeleze wenzako kisa hicho, kwa sababu kinaonyesha kwamba data yenye haki yenye mashaka yaweza kufutwa pamoja na jasho la waliojenga juu yake.

Vyanzo vinavyokubalika ni vitatu: macho yako ukiwa mahali penyewe, picha za angani ambazo wenyewe wametoa ruhusa zichorwe, kama zile zinazojitokeza ndani ya kihariri, na data ambazo mmiliki amezitoa kwa leseni inayolingana. Hicho cha tatu kina mtego. Ofisi ikikupa faili la maelfu ya vituo vya afya, usilipakie siku hiyohiyo. Uingizaji wa data kwa wingi hujadiliwa kwanza na jumuiya, huandikiwa mpango, na hufanywa kwa akaunti maalumu. Jumuiya changa inayoanza kwa kumwaga faili kubwa hujikuta ikisafisha marudio badala ya kuchora, na hakuna mjitoleaji anayerudi kufanya usafi wa fujo asiyoisababisha.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza kiwe kidogo

Waalike watu wanane hadi kumi na wawili, si sitini. Kwa kila wageni wanne awepo mtu mmoja anayejua kuchora. Usipowapata wasaidizi hao, punguza wageni. Waombe washiriki wafungue akaunti nyumbani kabla ya siku, kwa kuwa kufungua akaunti ukumbini kwa intaneti moja hula nusu saa ya mwanzo, nayo ndiyo saa ambayo watu wana hamu kuliko zote. Wakumbushe kwamba jina la akaunti huonekana hadharani kwenye kila badiliko, hivyo asiyetaka kujulikana achague jina lisilo lake. Hakikisha pia umeme, soketi za kutosha na panya za kompyuta. Kuchora jengo kwa kidole juu ya kibao cha kompyuta mpakato kunachosha, na panya chache za ziada huokoa wageni wengi kuliko hotuba nzuri.

Eleza kwa dakika kumi tu. Kisha chora jengo moja wote wakitazama ukutani: bofya pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, rudi pale ulipoanzia, weka lebo ya jengo. Jengo litaonekana limepinda kidogo kama meza iliyolegea mguu. Bonyeza herufi Q, na pembe zote zinanyooka kwa pamoja. Nimelifanya tendo hilo mbele ya watu mara nyingi, na kila mara kuna mtu anayecheka kwa furaha. Mwachie huyo afanye la pili mwenyewe, akiwa mbele ya wenzake.

Kazi ya siku igawe kwa vipande. Tovuti ya kugawana kazi iitwayo Tasking Manager hulikata eneo kuwa miraba, mchoraji hufunga mraba mmoja ili mwingine asiuingilie, huchora, kisha huuweka tayari kukaguliwa na mtu wa pili. Mgeni apewe aina moja tu ya kitu, ama majengo ama barabara, kamwe si vyote kwa mara ya kwanza. Mfundishe kuhifadhi kazi mapema na mara kwa mara, na kila anapohifadhi aandike maelezo yanayoeleweka. «Nimeongeza majengo kusini mwa mto kutokana na picha za Bing» ni maelezo. Neno «ramani» peke yake halimsaidii atakayekagua.

Dakika ishirini za mwisho zisitumike kuchora. Watafutie majengo yao kwenye ramani ya hadharani, waonyeshe kwamba yameanza kuonekana, kisha utangaze tarehe ya kikao kijacho mkiwa bado mmekaa. Tangazo linalotumwa siku tatu baadaye huwakuta watu wamesharudi kwenye pilikapilika zao.

Hatua ya 6: Toeni miguu nje

Picha ya setilaiti huonyesha paa. Haionyeshi kama chini yake ni zahanati au ghala, wala jina la njia, wala kama lango hufungwa usiku. Wachoraji wa mwanzo wa OpenStreetMap hawakuwa hata na picha hizo. Mei 2006 makumi ya watu walikusanyika kwenye kisiwa cha Wight nchini Uingereza na kukizunguka kwa siku chache wakiwa na vifaa vya GPS, kila mmoja na sehemu yake. Kutembea pamoja kulijenga urafiki uliodumu kuliko njia zilizorekodiwa, na mpaka leo sijaona njia bora ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji.

Wapange watu wawili wawili. Mmoja ashike simu yenye StreetComplete, ambayo huuliza maswali mafupi kuhusu kitu kilicho mbele yako na kupeleka jibu kwenye ramani, au Every Door, inayofaa kwa maduka na huduma. Mwingine ashike karatasi ya ramani iliyochapwa kutoka tovuti ya Field Papers na kuandika kwa kalamu. Karatasi haiishiwi chaji, na mzee aliyekaa kivulini, ambaye asingeikaribia simu ya mgeni, huinama juu ya karatasi, huweka kidole na kusema, «Hapa mmekosea, njia hii ilizibwa tangu ukuta ule ujengwe, sasa tunazungukia kule nyuma.» Mwandikie palepale, na mshukuru. Mara nyingi mtu huyo huuliza mtapita tena lini, na hapo umempata mjumbe wa jumuiya hata kama hatagusa kompyuta maisha yake yote.

Kabla ya kutoka, toeni taarifa kwa viongozi wa eneo, bebeni barua ya utambulisho, na mkubaliane mahali pa kukutana na saa ya kurudi. Asiende mtu peke yake. Msipige picha za watu, wala maeneo ya ulinzi.

Hatua ya 7: Jibu kazi ya mgeni ndani ya siku mbili

Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii. Mtu aliyechora kwa mara ya kwanza hajui kama kuna aliyeiona kazi yake. Kimya humwambia kwamba haikuwa na maana. Badiliko lake likifutwa bila maelezo, huambiwa jambo baya zaidi, naye harudi.

Kila unapohifadhi kazi, mabadiliko yako huwekwa pamoja kama fungu moja, na fungu hilo lina ukurasa wake ambapo mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika maoni. Tumia tovuti ya OSMCha kuyaona mafungu mapya ya eneo lenu, na mgawane zamu za kuyasoma. Maoni yaanze na kitu halisi kilichofanywa vizuri, yaseme kosa moja tu hata kama yapo matano, yaonyeshe namna ya kulirekebisha, na yamwachie mwenyewe alirekebishe. Mfano wa ujumbe ninaoupenda ni huu:

«Habari za leo, na karibu sana kwenye ramani. Nimeyaona majengo uliyoyachora kando ya mto, na hasa nimefurahi kwamba umelitambua lile lenye umbo la herufi L, ambalo wengi hulichora kama mraba. Jambo moja dogo: ile njia inayotoka shuleni haijaungana na barabara kuu, kwa hiyo anayetafuta njia kwa simu ataambiwa hakuna pa kupita. Ukiivuta nukta yake ya mwisho mpaka ikagusa barabara, vitaungana. Ukikwama niandikie hapahapa. Alhamisi tunakutana kama kawaida, tutafurahi kukuona.»

Ujumbe huo huchukua dakika nne kuuandika. Unapoona kwamba umechoka na unataka kuandika kwa ukali, mwachie mwenzako zamu hiyo. Kwa upande wa ubora, acheni programu kama Osmose iyatafute makosa ya kimashine, kama majengo yanayopandana, na nyinyi mbaki na yale yanayohitaji jicho la mtu anayelijua eneo. Uharibifu wa makusudi ni nadra kuliko watu wanavyoogopa. Sehemu kubwa ya kinachoonekana kama uharibifu ni mgeni aliyefuta kitu akidhani anafuta kwenye kioo chake peke yake.

Hatua ya 8: Siku ileile, saa ileile

Chagueni siku moja ya wiki au ya mwezi na msiibadilishe kwa sababu watu ni wachache. Watakuja watatu, watakuja wawili, na kuna siku utakaa peke yako na kompyuta yako. Kaa. Mtu aliyekosa vikao vinne na akajua kwamba cha tano kipo palepale hurudi bila aibu, ilhali aliyepoteza mwelekeo wa ratiba hujihesabu kuwa ameshatoka. Nusu ya kikao iwe ya kuchora, na nusu iwe ya kile kilichomshinda mtu wiki hiyo.

Mawasiliano yapitie kwenye chombo ambacho watu wanakitumia tayari. Kundi la WhatsApp au Telegram linatosha, ilimradi maamuzi yaandikwe pia mahali pa wazi, kama ukurasa wa wiki (wiki) ya OpenStreetMap, yaani tovuti yake ya maelezo ambayo wachangiaji huiandika wenyewe, ili aliyejiunga jana asihitaji kumuuliza mtu kuhusu yaliyokubaliwa mwaka jana. Andikeni hasa makubaliano ya lebo: njia ya vumbi inayopitika kwa gari mnaiita nini, na kichochoro cha watembea kwa miguu mnakiwekea lebo gani. Mabishano yasiyoandikwa hurudiwa kila mwezi na humchosha hata mvumilivu.

Hatua ya 9: Achia funguo mapema

Mwanzilishi anayefanya kila kitu hujenga jumuiya inayougua siku anapougua yeye. Baada ya miezi mitatu, tafuta mtu wa kuendesha kikao wewe ukiwa umekaa nyuma, na umwachie akosee. Majukumu yapo ya kila aina: kukaribisha wapya, kukagua, kuongoza matembezi, kutunza hesabu, kutafsiri. Hilo la mwisho halipewi heshima inayostahili. Maneno ya tovuti hutafsiriwa kupitia translatewiki.net, na ya kihariri cha iD kupitia Transifex, na mtu asiye na hamu ya kuchora lakini mwenye Kiswahili safi anaweza kuwafungulia mlango watu wengi waliokuwa wakizuiwa na vitufe vya Kiingereza.

Waelekeze wachoraji wenu wa kudumu pia kwenye uanachama wa Wakfu. Aliyechora walau siku 42 katika mwaka mmoja anaweza kuomba uanachama bila kulipa ada, na kwa uanachama huo hupiga kura kuichagua bodi. Sauti za jumuiya changa hazifiki huko mpaka watu wake wenyewe wajiandikishe.

Hatua ya 10: Fedha na washirika

Nauli, bando la intaneti na maji ya kunywa ni gharama halali, na mjitoleaji asiachwe na hasara kwa kuja kusaidia. Posho ni jambo jingine, nami nina msimamo wa wazi: posho ya kuchora ikitolewa mara moja, kikao kisicho na posho huonekana kama adhabu. Kama mfadhili anataka eneo fulani likamilike kwa tarehe fulani, iitwe ajira ya muda, walipwe ipasavyo, na isichanganywe na vikao vya kawaida.

Kazi inayoongozwa na shirika, iwe ya malipo au la, ina mwongozo wake uliopitishwa na Wakfu mwaka 2018. Inatakiwa itangazwe hadharani, ieleze nani anahusika, lengo ni nini na vyanzo ni vipi, na mafungu ya mabadiliko yabebe alama maalumu ya kuyatambulisha. Mweleze mshirika mapema kwamba data haitakuwa mali yake, na kwamba mtu mwingine anaweza kuibadilisha kesho. Asiyelikubali hilo si mshirika wa ramani huria, hata kama mfuko wake ni mzito.

Hatua ya 11: Linda watu, kisha ramani

Majina ya watu binafsi hayawekwi kwenye nyumba zao. Nyumba za hifadhi kwa waliokimbia ukatili hazichorwi kwa jina wala kazi yake. Anayerekodi njia kwa GPS aanze kurekodi mbali na mlango wake. Mahali penye mgogoro wa mpaka au wa jina, kanuni ya OpenStreetMap ni kuandika kinachoonekana na kutumika pale penyewe, na mabishano yanayowashinda wenyeji hupelekwa kwenye Kikundi Kazi cha Data cha Wakfu badala ya kufutiana kazi usiku kucha. Andikeni pia kanuni za mwenendo za jumuiya na mtaje ni nani anayepokea malalamiko. Wawe wawili, na mmoja awe mwanamke, kwa sababu mambo mengi yanayowafukuza wanawake kwenye vikundi hivi hayatamkwi mbele ya wote.

Hatua ya 12: Hesabu wanaorudi

Mwisho wa kila mwezi fungua daftari lenye safu tatu: jina la akaunti, siku ya kwanza kuchora, siku ya mwisho kuchora. Taarifa hizo zote ziko wazi kwenye wasifu wa kila mchoraji. Weka alama kwa kila aliyechora mwezi huu na mwezi uliopita. Kama wageni kumi walikuja na wawili wamerudi, usitangaze tukio jingine kubwa. Rudi kwenye hatua ya 7 uone kama wale wanane walijibiwa. Halafu waandikie mmoja mmoja, ukimtajia kila mtu kitu alichokichora, na umuulize kama kuna kitu kipya karibu na hapo ambacho ramani bado haina.